Mng'aro Peke Yake Si Ulinzi: Jinsi ya Kuchagua Dawa ya Kusugua na Kulinda Ngozi ya Mashua

Katika sanduku la askari aliyetumikia miaka mingi hukutwa makopo mawili ambayo ameyajua tangu siku za ukuruta. La kwanza ni la Brasso, dawa ya majimaji ya kusugulia vifungo, beji na bizimu ya mkanda. La pili ni la Kiwi, dawa ya kupaka buti. Makopo yote mawili huleta mng'aro, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni moja. Sivyo hata kidogo.

Brasso, iliyoanza kuuzwa mwaka 1905, imo ndani yake unga laini mno wa kukwaruza. Unga huo hukwangua utando mwembamba wa shaba iliyofifia, na chini yake huonekana shaba mpya. Ndiyo maana beji iliyosuguliwa miaka ishirini huwa nyepesi, na alama iliyochorwa juu yake hufutika kidogo kidogo hata vidole visiweze kuipapasa. Kiwi, iliyoanza kutengenezwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, haikwangui kitu. Hiyo ni nta iliyolainishwa kwa mafuta mepesi. Mafuta hupotea hewani, nta hubaki juu ya ngozi ya buti na kuikinga na maji. Kwa maneno machache, Brasso hula, Kiwi hufunika.

Mtu aliyelielewa jambo hilo amekwisha kujifunza nusu ya elimu ya kutunza mashua ya faibaglasi, gari au pikipiki. Dawa zinazouzwa madukani kwa kazi hizo ni nyingi, na majina yake ni mengi zaidi, lakini zote zimo katika makundi hayo mawili: zinazokula na zinazofunika. Hasara hutokea pale mwenye chombo anapotumia ya kula akidhani anafunika.

JUA, MTO NA VUMBI JEKUNDU

Wakazi wa West Nile wana vyombo vya kila namna. Upande wa mashariki wa Arua nchi huteremka mpaka Nile ya Albert, mahali ilipo Rhino Camp, ambayo tangu mwaka 2019 imo katika Wilaya ya Madi-Okollo. Mto huo umekuwa njia ya vyombo tangu zamani. Mwaka 1910 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameacha urais wa Marekani mwaka mmoja nyuma, alifika pande hizo kwa vyombo vya maji kutoka Butiaba katika Ziwa Albert. Hata leo wavuvi, wafanyabiashara na wasafiri huutegemea mto huo. Mitumbwi na mashua za mbao ndizo nyingi, na pamoja nazo zimo mashua za faibaglasi zenye mashine nyuma.

Koboko, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2005, haina mto wa kubeba vyombo vikubwa. Huko chombo cha familia ni pikipiki au gari dogo. Barabara ya lami ya kilomita zipatazo 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imerahisisha safari, lakini mara mtu anapoiacha lami na kuingia vijijini, hukutana na vumbi jekundu la murami.

Mashua ya mtoni na pikipiki ya Koboko zina adui mmoja, nalo ni jua. Arua iko takriban digrii 3 tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Miale yake mikali isiyoonekana kwa macho huvunja gundi iliyoshikamanisha rangi. Rangi nyekundu hugeuka ya waridi, ya buluu hupauka, na faibaglasi nyeupe huwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Vumbi nalo, likipanguswa kwa kitambaa kikavu, huikwaruza rangi iliyokwisha kudhoofika. Hapo ndipo mwenye chombo anapokwenda dukani kutafuta dawa.

NGOZI YA CHOMBO NI NYEMBAMBA

Kabla ya kununua dawa yoyote yafaa kujua unene wa kitu kinachosuguliwa. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Rangi yote ya gari, kuanzia bati hadi juu kabisa, haizidi sana unene wa karatasi hiyo moja. Juu yake, katika magari na pikipiki nyingi za kisasa, upo utando usio na rangi ambao ndio unaong'aa, na utando huo ni kama nusu tu ya karatasi, pengine pungufu.

Mashua ya faibaglasi ina nafuu. Ngozi yake ya nje, ambayo mafundi huiita jelikoti, ina unene wa karibu nusu milimita, yaani karatasi tano hivi. Chini yake zimo nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu iitwayo rezini. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia maji yasipenye. Ikiisha, nyuzi hujitokeza, maji huingia polepole, na mashua huanza kuwa nzito na kuoza kwa ndani pasipo mwenyewe kujua.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Mashua inayosuguliwa kwa dawa kali kila juma ili ionekane safi siku ya ukaguzi, inang'aa kwelikweli; lakini kila mng'aro hulipiwa kwa ngozi. Baada ya miaka michache hakuna tena cha kusuguliwa. Kama mashua hiyo ni mali ya umma, hasara ni ya umma. Kama ni ya askari mstaafu aliyeinunua kwa kiinua mgongo chake, hasara ni ada za shule na chakula cha nyumbani.

KUPIMA UGONJWA KABLA YA KUTAFUTA DAWA

Mganga mwema hapimi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Chombo kioshwe kwanza kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, kianze kuoshwa juu kwenda chini ili mchanga usiburutwe juu ya rangi. Kisha kikaushwe kivulini, na hapo kifanyiwe majaribio matatu mepesi.

Jaribio la kwanza ni la kidole. Kidole kikavu kipitishwe juu ya rangi kwa kukandamiza. Kikitoka na unga kama wa chaki, ngozi ya juu imekufa kwa jua na itahitaji kuondolewa. Kikitoka safi, huenda chombo kinahitaji nta tu.

Jaribio la pili ni la maji. Maji yakimwagwa kidogo yakajikusanya kama shanga na kuteleza, ulinzi wa zamani ungalipo. Yakitandaa na kulowa, ulinzi umekwisha.

Jaribio la tatu ni la ukucha. Ukucha upitishwe kukatisha mkwaruzo. Usipokwama, mkwaruzo ni wa juujuu na dawa ya kusugua inaweza kuuondoa. Ukikwama, mkwaruzo ni wa kina. Kujaribu kuuondoa kwa kusugua ni kuteremsha ngozi nzima mpaka ilingane na shimo. Mkwaruzo wa namna hiyo huzibwa kwanza kwa rezini au rangi ya kujazia, na kama nyuzi za faibaglasi zinaonekana, mashua isirudishwe majini kabla ya kuzibwa.

Majaribio hayo humfaa pia anayenunua chombo kilichotumika. Wapo wauzaji wanaopaka mafuta ya kupikia au dizeli juu ya ngozi iliyopauka, nayo hung'aa kwa siku mbili tatu. Mnunuzi mwenye busara huomba maji na sabuni, akaosha sehemu yenye ukubwa wa sahani, akangoja ikauke. Ukweli hujitokeza wenyewe.

KUCHAGUA DAWA INAYOKULA

Dawa za kula hutofautiana kwa ukubwa wa chembe zake. Kubwa kuliko zote ni msasa, ambao hupimwa kwa namba: kadiri namba inavyopanda ndivyo msasa unavyokuwa laini. Msasa wa namba 1000, kisha 1500 na 2000, hutumiwa na maji, na tena ni kwa jelikoti iliyoharibika vibaya tu. Juu ya rangi ya gari au tangi la pikipiki, asiye fundi asiuguse kabisa.

Baada ya msasa hufuata kompaundi kali, dawa nzito kama uji, ambayo ukiisugua baina ya vidole husikika kama mchanga mwembamba. Hiyo ni ya mashua iliyogeuka chaki. Kisha ipo kompaundi laini, ya kuondoa ukungu na alama za kompaundi kali. Mwisho ipo polishi ya kumalizia, ambayo chembe zake ni ndogo mno na hula kidogo sana. Dawa nyingi za siku hizi zina chembe zinazovunjika zenyewe kadiri zinavyosuguliwa: huanza kwa ukali na kumalizia kwa ulaini.

Kanuni ya kuchagua ni moja, nayo yastahili kuandikwa mlangoni mwa ghala: kuanza na iliyo laini kuliko zote. Mtu achague mahali pasipoonekana sana, penye ukubwa wa kiganja, ajaribu polishi ya kumalizia. Ikitosha, asitafute nyingine. Isipotosha, apande ngazi moja. Akianza na iliyo kali, atakuwa amekula ngozi isiyopasa kuliwa, wala hakuna dawa ya kuirudisha.

Yafaa pia kusoma maandishi ya kopo. Dawa iliyotengenezwa kwa jelikoti huwa kali kuliko ya rangi ya gari, kwa sababu jelikoti ni nene. Aliyebakiza kompaundi ya mashua Rhino Camp asiipeleke kwenye tangi la pikipiki Koboko kwa nia ya kubana matumizi. Utando wa nusu karatasi hauwezi kustahimili dawa iliyokusudiwa karatasi tano. Zipo pia dawa zinazodai kusugua na kufunika kwa mara moja. Hizo hufaa chombo kilichofifia kidogo tu. Kwa kilichogeuka chaki hazitoshi kula wala hazitoshi kufunika.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

Kazi hii ifanywe kivulini, asubuhi au jioni, ngozi ya chombo ikiwa baridi. Juani dawa hukauka kabla ya kufanya kazi, ikashika kama udongo. Sehemu ifanywe ndogo, kama hatua moja kwa hatua moja, imalizike ndipo mtu ahamie nyingine. Kitambaa kiwe laini na safi. Fulana kuukuu ya pamba yafaa, mradi vifungo na mishono migumu viondolewe. Kitambaa kikianguka chini kisitumike tena mpaka kifuliwe, maana punje moja ya mchanga huacha alama ndefu kuliko kazi ya saa nzima.

Wenye mashine ya kuzungusha wajihadhari zaidi. Mashine hiyo huzalisha joto, na ikisimama mahali pamoja kwa muda mfupi tu huunguza rangi. Penye kingo na pembe, ambapo rangi ni nyembamba kuliko kwingine, mkono ni bora kuliko mashine. Anayetumia mashine au msasa mkavu juu ya faibaglasi avae kinga ya pua na macho, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu.

Kazi ikiisha, mabaki yote yafutwe na chombo kioshwe tena. Wakati huo chombo hung'aa sana, na hapo ndipo wengi hukosea: hudhani wamemaliza. Kumbe ngozi mpya imefunuliwa na iko uchi. Ikiachwa hivyo katika jua la kiangazi, itarudi kuwa chaki upesi, na mwenyewe atalazimika kusugua upya.

KUCHAGUA DAWA INAYOFUNIKA

Nta ndiyo nguo ya chombo. West Nile inasifika kwa asali, na penye asali pana nta ya nyuki, kwa hiyo swali la kwanza la wengi ni kama nta hiyo yafaa. Kwa meza, kiti na mpini wa jembe yafaa sana. Kwa mashua na pikipiki inayokaa juani ina upungufu, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 65 hivi za Selsiasi. Bati au faibaglasi ya rangi nyeusi katika jua la mchana inaweza kufikia joto la karibu na hapo. Nta hulainika, hunata, na vumbi jekundu hujishikiza juu yake.

Nta ya kanauba ni ngumu zaidi. Hutoka katika majani ya aina ya mnazi unaoota kaskazini mashariki ya Brazili, na huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 80. Kwa sababu hiyo makopo mengi ya nta ya magari na mashua huwa nayo. Zipo pia dawa za kufunika zinazotengenezwa kiwandani, ziitwazo za polima, ambazo kwa kawaida hudumu muda mrefu kuliko nta. Ama dawa zenye silikoni, hizo hung'arisha kwa urahisi, lakini hujipenyeza na kukataa kuondoka. Rangi mpya ikipakwa baadaye hufanya vishimo kama macho ya samaki. Chombo kinachotarajiwa kupakwa rangi karibuni kisipakwe silikoni.

Nta ipakwe nyembamba, ingojwe ikauke iwe kama ukungu, kisha isuguliwe kwa kitambaa kingine. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Baadaye chombo kisioshwe kwa sabuni kali ya unga wala ya vyombo vya jikoni, kwa kuwa sabuni iliyoundwa kuondoa mafuta kwenye sufuria huondoa pia nta.

VISIVYOPASWA KUNG'ARISHWA

Si kila kitu chenye kufifia kimeharibika. Rangi ya kijani isiyong'aa iliyo juu ya magari na mashua za doria imefanywa hivyo kwa makusudi, isirudishe nuru. Kuisugua au kuipaka nta ni kuipa mng'aro utakaoonekana mbali, na kuondoa faida yake yote. Chombo cha namna hiyo huoshwa tu kwa maji na sabuni nyepesi.

Kioo cha plastiki cha kofia ya pikipiki kisifutwe kwa petroli wala tapentaini. Dawa hizo hukifanya kiwe na nyufa ndogondogo, na usiku taa za gari linalokuja hutawanyika ndani ya nyufa hizo hata dereva asione njia.

Mashua ya mbao nayo haihitaji kompaundi. Uhai wake umo katika viungo vya mbao, vinavyozibwa kwa pamba au matambara na lami, na katika rangi au mafuta yanayozuia mbao zisipasuke. Watu wa pwani ya Waswahili wamelijua hilo kwa karne nyingi. Huko mafundi hutia kalafati katika viungo, hupaka mafuta ya sifa yatokayo kwa papa kwenye mbao za juu, na chini ya maji hupaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Hawakuwa na kopo la kiwandani, lakini walielewa kwamba mbao hufunikwa, haziliwi. Mwenye mashua ya mbao katika Nile naye afuate shauri hilo kwa vitu vilivyopo: aikague mishono yake, aikaushe, aipake rangi ya kukinga maji au mafuta ya kitani.

USALAMA NYUMBANI

Dawa hizi zikiingia nyumbani, huingia pamoja na hatari. Tapentaini, mafuta ya taa na vimiminika vya kusafishia rangi visitiwe kamwe katika chupa za soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Akinywa, asilazimishwe kutapika, maana mafuta hayo yakiingia mapafuni huleta madhara makubwa zaidi. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ili mganga aione.

Petroli isitumiwe kuoshea chombo karibu na jiko la mkaa wala taa ya moto. Hali kadhalika matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yasirundikwe kwenye kona. Yanapokauka hutoa joto lenyewe, na yakirundikana yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yalowekwe katika ndoo ya maji.

KALENDA YA MWENYE CHOMBO

Katika West Nile kiangazi kikali huanza Desemba na kuendelea hadi Februari au Machi. Wakati mzuri wa kupaka nta basi ni Novemba, mvua zinapopungua, ili chombo kiingie kiangazini kikiwa kimevaa. Mara ya pili ni Machi, baada ya vumbi, kabla ya mvua kushika. Mashua inayolala juani yaweza kuhitaji nta kila baada ya miezi mitatu au minne. Jaribio la maji ndilo litakaloamua. Kusugua kwa kompaundi hakuna kalenda. Hufanywa pale tu kidole kinapotoka na chaki, na mwenye kupaka nta kwa wakati anaweza kukaa miaka bila kukihitaji kopo hilo. Hata kivuli ni dawa: turubai juu ya mashua au kibanda cha nyasi kwa pikipiki hukinga zaidi ya nta yoyote, na hakili ngozi ya chombo.

Askari anayestaafu hukabidhi mengi, lakini beji ya zamani mara nyingi hubaki nyumbani. Watoto wakiipokea mikononi huuliza alama yake imekwenda wapi. Haikuibiwa wala haikupotea. Imetoka kidogo kidogo katika kitambaa, kila asubuhi ya gwaride, pamoja na mng'aro. Kwa beji jambo hilo ni heshima, kwa kuwa linaonyesha utumishi wa miaka. Kwa mashua inayobeba watu wa familia kuvuka Nile, ni shimo linalotafuta mahali pa kutokea.